Kapasita Imechoka, Mzee

Feni ya sebuleni kwangu inaanza kwa mpini wa ufagio. Unawasha swichi, inanguruma kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati, haiendi popote. Ndipo unapanda kwenye stuli, unasukuma panga moja kwa mpini, inakubali kwa shingo upande, inajivuta, na baada ya dakika mbili pazia linaanza kutikisika. Ndivyo tulivyoishi tangu Septemba. Watoto walishajua zamu zao: wa kwanza kurudi shuleni ndiye msukumaji.

Utaratibu huu ulivurugwa na mama mkwe. Alikuja kutoka Muheza mwanzoni mwa Desemba, mwezi ambao Dar es Salaam inakupikia jasho hata ukiwa umekaa. Siku ya pili nilirudi kazini nikamkuta chini ya feni inayozunguka kwa kasi nzuri kabisa, naye anajipepea kwa kipande cha boksi.

"Mama, mbona unajipepea na feni inafanya kazi?"

"Inafanya kazi, baba, lakini si kwa ajili yangu."

Nikainua macho. Alikuwa ameisukuma upande usio wake, nayo ikamtii. Upepo wote ulikuwa unapanda darini. Buibui wa kwenye kona, ambaye nimemvumilia mwaka wa tatu huu, alikuwa anabembea kama yuko ufukweni.

Basi fundi akaitwa. Fundi wa mtaani kwetu hatazami kitu anachotengeneza, anamtazama mwenye nacho, viatu kwanza. Akapanda kwenye stuli, akashusha kile kikombe cha plastiki kinachoficha nyaya, akatoka na kiboksi cheusi kinachozidi kiberiti kidogo tu.

"Kapasita imechoka, mzee."

Imechoka kufanya nini? Hakina mota, hakina gia, hakijawahi kupanda daladala. Kimekaa darini miaka sita, kimeandikwa 2.5 µF na 450V, hakuna aliyekiuliza kitu. Mimi nimechoka tangu mwaka 2009 na hakuna aliyenipandia stuli. Fundi akataja bei: elfu nne kapasita mpya, elfu tano kuifunga. Nikamuuliza elfu tano ya kuunga nyaya mbili inatoka wapi. Hakubishana. Akaniwekea kapasita mezani, akachukua elfu nne yake, akasema, "Basi unga mwenyewe, mzee," kwa sauti ya upole ambayo sikuipenda.

Ningeiunga jioni hiyohiyo. Lakini nyumbani kwangu kuna mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha sita, mchepuo wa PCM, aliyekuja kula likizo kwangu. Natumia neno kula kwa maana yake kamili. Alikuwa ananisikiliza nikilalamika kwamba kitu kisichofanya chochote hakiwezi kuchoka, akashindwa kuvumilia.

"Mjomba, kapasita inafanya kazi nyingi kuliko feni yenyewe. Ngoja nikuonyeshe."

Hapo ndipo meza yangu ya kulia chakula ilipogeuka maabara, na wali wangu ukawekwa juu ya kabati. Akaleta betri ya mraba ya volti 9, ile inayowekwa kwenye maiki. Akaleta rezista moja ndogo kama punje ya mpunga yenye mistari ya rangi, akasema ina ukinzani wa omu laki moja. Akaleta kapasita nyingine, ya duara kama kifuniko cha kalamu, ya mikrofaradi 1000. Mita aliazima kwa fundi yuleyule, nami nina hakika hiyo mita nitakuja kuilipia kwa njia nyingine.

Kwanza akanichorea. Kapasita ni mabamba mawili yanayotazamana bila kugusana, katikati kuna kitu kisichopitisha umeme. Nikamsimamisha. Kama katikati hakupitiki, mkondo unapita wapi? Hiyo ni barabara iliyofungwa.

"Hakuna kinachovuka, mjomba. Elektroni zinarundikana kwenye bamba hili, zile za bamba la pili zinafukuzwa, zinarudi kwenye betri. Wanaoingia huku ni sawasawa na wanaotoka kule. Kwa hiyo kwenye waya mkondo upo, ila katikati havuki mtu."

Akaunganisha. Mita ikaruka mara moja hadi 90. Mikroampea 90, akasema, yaani ukigawa ampea moja vipande milioni, tumepata 90 tu. Wala usishangae, ni volti 9 kugawa kwa laki moja. Kapasita ikiwa tupu haina la kusema. Mkondo unaingia kama vile pale hakuna kapasita, umewekwa waya mtupu, na anayeuzuia ni rezista peke yake. Nilikuwa naanza kuipenda hiyo 90 ikashuka. Ikawa 85, 80, 76, bila mtu kugusa kitu. Nikamwambia betri yako mbovu. Akacheka kwa namna ambayo enzi zetu mpwa hakumchekea mjomba.

Betri ilikuwa nzima. Sababu, akasema, ni kwamba waliokwisha kuingia wanawasukuma wanaotaka kuingia. Kila kapasita inavyojaa ndivyo volti yake inavyopanda na kuikabili ya betri, na kinachobaki cha kusukuma mkondo ni ile tofauti tu.

Hilo sikuhitaji kidato cha sita kulielewa, nimepanda daladala Gongo la Mboto saa kumi na mbili asubuhi. Gari likija tupu watu hawapandi, wanamwagika. Wengine wanapitia dirishani, mkoba unatangulia kushika kiti. Nusu dakika tu, viti vimekwisha. Halafu mwendo unapungua. Anayeingia sasa anaingia kwa bega, kwa sababu walio ndani nao wana viwiko. Baadaye anaingia mmoja kwa dakika, mguu mmoja ndani, mwingine ni wa barabara. Na konda, umewahi kumsikia konda anasema gari limejaa? "Songa nyuma, katikati kuna nafasi!" Daladala haijajaa hata siku moja katika historia ya mji huu, ila kila dakika anapanda mtu pungufu ya dakika iliyopita.

Mpwa wangu alinyamaza kidogo, akasema mfano wangu una kasoro moja tu, kwamba elektroni hazilipi nauli. Tukaendelea kutazama mita.

Sekunde 100: 34. Akaniambia hizo sekunde 100 si za kubahatisha. Unazidisha ukinzani na ukubwa wa kapasita, omu laki moja mara mikrofaradi 1000, unapata sekunde 100 kamili. Kila muda huo ukipita, mkondo unabaki asilimia 37 hivi ya ulivyokuwa. Sekunde 200: 14. Sekunde 300: 6. Mama watoto akauliza kutoka jikoni kama wali urudishwe jikoni. Sekunde 500, yaani dakika nane na ushei, mita inasoma kati ya 2 na 3 na mimi nina njaa.

"Inajaa saa ngapi?" nikauliza.

"Haijai, mjomba."

"Kila kitu kinajaa."

"Kwa hesabu haijai. Kila mara inachukua sehemu ileile ya kilichobaki. Lakini ikipita mara tano ya ule muda, imefika asilimia 99.3, kwa hiyo tunasema imejaa."

Tunasema! Hiki ndicho kinachoniudhi. Miaka yote nilidhani sayansi ndiyo mahali pekee ambapo mtu akisema kimejaa, kimejaa. Kumbe nao wanafanya kama mimi na Mangi wa duka la pembeni. Nilikuwa na deni lake la elfu thelathini. Mwisho wa mwezi nikampa kama theluthi mbili, likabaki elfu kumi. Mwezi uliofuata nikampa theluthi mbili ya hiyo, na kila uliofuata vivyo hivyo, nikijisifu kwamba sijawahi kuruka mwezi. Sasa ananidai mia tatu na sabini hivi, na kila nikipita ananiita kwa sauti ileile aliyokuwa ananiitia wakati wa elfu thelathini. Nilipomweleza Mangi kwamba kwa kanuni za fizikia deni langu limekwisha kwa asilimia 98 na pointi, aliniuliza hizo pointi nyingine nitazileta lini.

Mita nayo ilipofika 2 ikagoma, haikushuka tena. Mpwa akaeleza kwamba kapasita za aina hii, hasa zilizokaa sana, zinavuja kidogo, kwa hiyo betri inaendelea kujazia kinachovuja. Nikamwambia angesema mapema. Nyumba hii bomba linavuja, bati linavuja, siri zinavuja. Kapasita ingekuwa na sababu gani ya kujitenga?

Halafu akachomoa betri, akaunganisha ncha mbili za waya ili kapasita imwage kilichomo kupitia rezista ileile na mita ileile. Mita ikaruka tena, safari hii ikiwa na alama ya kutoa mbele: -88. Nilishtuka, maana alama hiyo nimezoea kuiona kwenye karatasi za benki. "Ni mwelekeo tu, mjomba. Waliopanda sasa wanashuka, kwa mlango uleule." Zile mbili zilizopungua ni kwa ajili ya kuvuja. Na huko kushuka ni Kariakoo tupu: mlango unafunguliwa, wanalipuka nje wakikanyagana, kisha wanapungua, mwisho anabaki mama mmoja mwenye ndoo ya samaki anayedai chenji. Sekunde 100, -32. Mkondo mkubwa kuliko wote uko mwanzoni, iwe ni kujaza au kumwaga. Huku mwishoni mnavutana tu.

Nilikuwa nimeanza kutulia mpwa wangu alipoinua mkono kugusa miguu ya kapasita kwa vidole. Nikapiga kelele, majirani wakanyamaza.

Sikuwa mwoga bila sababu. Mwaka juzi televisheni yetu ilizima, nikaamua kuifungua. Nikachomoa plagi, nikawaonyesha watoto plagi mkononi, nikatoa hotuba fupi kuhusu usalama. Kisha nikaingiza bisibisi. Bisibisi ilikutwa chini ya friji. Mimi nilikutwa nimekaa mahali ambapo sikuwa nimekaa. Fundi (huyuhuyu!) alikuja kunieleza baadaye kwamba umeme wa ukutani tunaouita volti 230 una kilele cha volti kama 325, na kapasita kubwa iliyo mlangoni mwa televisheni inashika hicho kilele. Televisheni ikiwa nzima, ukichomoa, saketi zake zinainywa ile chaji. Ndiyo maana kile kitaa chekundu huchelewa kuzima, kinafifia taratibu. Ikiwa imekufa hakuna wa kuinywa. Inakusubiri. Yeye huimwaga kwanza kwa balbu ya zamani, ile ya kuwaka kwa uzi, balbu inamulika kidogo na kuzima, ndipo anagusa. Hakuna mahali nyuma ya televisheni palipoandikwa hivyo kwa lugha ya mama yangu.

Angalau niko kwenye ukoo wa watu wakubwa. Mpwa alinisimulia kwamba babu wa kapasita zote ni chupa ya glasi yenye maji, kule Leiden, Uholanzi, na kwamba profesa Pieter van Musschenbroek alipopata mshtuko wake aliandika barua mwaka 1746 akisema hata apewe ufalme wote wa Ufaransa hatarudia. Mwaka huohuo, huko huko Ufaransa, Jean-Antoine Nollet akawapanga walinzi 180 wa mfalme Louis wa Kumi na Tano wakashikana mikono, akaipitisha chaji ya chupa moja, wakaruka wote kwa pamoja mbele ya mfalme. Ona tofauti ya vyeo. Wao waliruka wakiwa 180, wakilipwa, mbele ya mfalme. Mimi niliruka peke yangu, mbele ya watoto wangu, na televisheni haikupona.

Mpwa alinihakikishia kwamba volti 9 hazimrushi mtu, akagusa, hakurushwa. Alisikitika kidogo, nadhani.

Kumbe hata zile cheche ni hadithi hiyohiyo. Kila nikichomeka chaja ya kompyuta mpakato, soketi inatema cheche ya buluu na mlio wa "tak!" Kwa ajili ya cheche hizo nimebadilisha soketi mara mbili, na mara ya tatu nilimlaumu mama watoto. Kapasita ya ndani ya chaja ikiwa tupu, nukta ile ya kwanza inavuta mkondo mkubwa kuliko utakaohitajika baadaye, kama ile 90 yetu ila kwa volti za ukutani na bila rezista ya omu laki moja ya kuiheshimisha. Nikienda kumwomba radhi mama watoto itabidi nieleze yote haya, kwa hiyo bado nalifikiria.

"Sasa feni," nikasema. "Feni inaihusu vipi hii kujaa na kumwaga? Kama inajaa na mkondo unaisha, feni ingezima."

Mpwa akavuta pumzi kama mwalimu. Umeme wa ukutani haubaki upande mmoja, akasema. Unakwenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Kapasita ya feni kabla haijamaliza kujaa upande huu inamwagwa na kujazwa upande ule. Haipati kupumzika, kwa hiyo mkondo wake haukatiki. Na kwa kuwa mkondo wa kapasita ni mkubwa wakati bado tupu, na unakwisha wakati volti iko kileleni, mkondo huo hufika mapema kuliko volti. Ndani ya feni kuna koili za makundi mawili. Kundi moja linapata umeme moja kwa moja, jingine linapata kupitia kapasita, kwa hiyo...

Hapo nilishapotea. Nilikuwa nawaza wali. Mama mkwe, ambaye muda wote alikuwa anachambua mchicha pembeni nasi tukidhani hasikii, akasema bila kuinua kichwa:

"Ni kutwanga."

"Bibi?"

"Watu wawili, kinu kimoja, michi miwili. Wakiinua pamoja na kushusha pamoja, hapatwangiki, wanagongana tu. Lazima mmoja atangulie, mwingine afuate. Hicho kidude ndicho kinachomtanguliza mmoja." Akatupa shina la mchicha. "Sasa aliyekuwa anatanguliza kachoka. Ndiyo maana inanguruma tu, na ukiisukuma kokote inakwenda. Haina wa kuiambia iende wapi."

Mpwa wangu akakaa kimya kwa muda wa sekunde kama 100.

"Mwalimu wetu alitumia vipindi viwili, bibi," akasema.

"Huyo hajatwanga."

Nikaona nisipofanya kitu, heshima yangu katika nyumba hii itashuka kwa mkunjo uleule wa mkondo. Nikakata umeme kwenye swichi kubwa. Nikapanda stuli. Kwa tahadhari ya mtu aliyewahi kurushwa, nikagusisha kwanza miguu ya ile kapasita ya zamani kwenye balbu, ingawa mpwa alisema ilishamwagika tangu fundi alipoitoa. Nyaya zilikuwa tatu, si mbili kama nilivyomwambia fundi, lakini hilo sikulitangaza. Nikaunga, nikafunga utepe, nikarudisha kikombe cha plastiki, nikashuka. Mpwa alitaka kukagua, nikamwambia akale.

Nikawasha. Haikunguruma. Haikuhitaji ufagio. Iliondoka yenyewe, laini, ikachukua kasi ambayo hatukuiona tangu Septemba. Watoto wakapiga makofi, mama watoto akatoka jikoni na mwiko mkononi. Nikasimama katikati ya sebule nimeweka mikono kiunoni, nikingoja upepo.

Nikangoja. Mpwa wangu alisimamisha kijiko hewani, akatazama juu, akatazama sahani yake, akasema polepole kwamba kama waya wa umeme ukiungwa upande wa pili wa kapasita, basi koili iliyokuwa inafuata ndiyo inayotangulia.

Mama mkwe alikuwa ameshainua kile kipande cha boksi.

"Mkwe wangu," akasema, akimwonyesha buibui kwa kidole, "yule sasa hatahama tena."

Kesho asubuhi nitampigia fundi. Atasema elfu tano. Nitampa elfu tatu na kumwambia nyingine zinafuata.